Alizeti si yangu: tathmini ya kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, barabara ya Singida, Dodoma

Kiwanda ninachokieleza hapa hakina kibao wala jina ukutani. Kipo upande wa kushoto wa barabara ya Singida ukitokea Dodoma mjini, ukishapita Kizota na kabla hujafika Nala, na utakitambua kwa magunia yaliyopangwa chini ya mwarobaini na kwa harufu ya alizeti iliyopata moto, ambayo hukupokea kabla hujaliona banda lenyewe. Nilikwenda hapo mwezi Julai na magunia 3 kutoka shamba la familia wilayani Bahi, nikiwa bado na kinyongo cha msimu uliotangulia, ambapo nilikamulisha mahali pengine magunia 3 ya ukubwa huo huo nikapewa lita 38 na maelezo kwamba mbegu zangu ni nyepesi. Huenda zilikuwa nyepesi kweli, maana mvua zilikatika mapema mwaka ule. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na njia yoyote ya kujua.

Anayepeleka alizeti kukamuliwa hujiweka mikononi mwa mtu mwingine zaidi ya anavyodhani. Mbegu zikishamiminwa kwenye mdomo wa mashine hazionekani tena, na kinachotoka upande wa pili ni mafuta na mashudu ambayo mkulima wa kawaida hawezi kuyakadiria kwa macho. Mkamuaji anaweza kupitisha mbegu mara moja tu, akakukabidhi mafuta machache, kisha ukishaondoka akayarudisha mashudu yako mashineni na kujipatia lita zake. Mizani inaweza kuchezewa, na dumu linaweza kujazwa mafuta ambayo tope lake halijatuama, ili ufike nyumbani ukiwa umebeba uchafu kwa bei ya mafuta. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ujasiri wa mwizi. Yote yanahitaji tu mteja asiyejua.

Kwa hiyo nilisimama karibu, nikitazama kama askari. Mwenye kiwanda, mzee wa makamo mwenye kofia iliyolowa mafuta hadi imebadilika rangi, alipima kila gunia mbele yangu kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, akaandika kilo 61, 63 na 60 kwenye daftari. Mashine ilipoanza kutoa mashudu, alichukua kipande kingali cha moto, akakivunja, akachana karatasi kutoka nyuma ya daftari lile lile na kukibana katikati yake kwa viganja viwili. Alipoifungua karatasi ilikuwa na doa pana la mafuta. Alitikisa kichwa, akakaza skrubu ya mashine na kuamuru yote yarudishwe. Baada ya mzunguko wa pili alirudia jaribio, na safari hii doa lilikuwa dogo kama shilingi. Hakunionyesha karatasi ile. Niliiona kwa sababu nilikuwa nimemsogelea kupita adabu.

Jambo jingine nililigundua kwa kuuliza. Mashine ikiwa baridi humeza sehemu ya mbegu bila kutoa mafuta ya maana, hivyo mteja wa kwanza wa asubuhi hupunjika hata kama hakuna aliyekusudia kumpunja. Mzee huyu huanza siku kwa debe la alizeti yake mwenyewe, ili hasara ya kupasha mashine iwe yake. Nimekamulisha mafuta kwa miaka kadhaa na sikuwahi kujua kwamba hasara hiyo ipo, achilia mbali kwamba kuna mtu anayeibeba.

Nilipata lita 51, zilizochujwa kwa kitambaa na kuachwa zituame kwa saa 2 kabla ya kupimwa. Mafuta yana rangi ya asali changa na yanabeba harufu nzito ya alizeti ambayo waliozoea mafuta ya dukani huenda wasiipende. Nyumbani tuliyachemsha kidogo kuondoa unyevu, na hadi leo chini ya dumu hakujajikusanya tope la kulalamikia.

Ujira ni shilingi 7,000 kwa gunia ukichukua mashudu yako, na hulipi chochote ukiyaacha. Wengi huyaacha kwa kuona wamepata huduma ya bure. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo bibi mmoja mwenye nusu gunia, ambaye alikwisha sema kwamba hana haja na mashudu. Mzee akamuuliza, “Bibi, nyumbani una kuku?” Bibi akajibu kwamba anao, tena wengi. “Basi usiniachie. Haya unayoniachia yanazidi ujira wangu mara mbili.” Bibi alifungua fundo la kanga, akakuta fedha hazitoshi. Mzee akapima kwenye mizani mashudu yenye thamani ya ujira, akayaweka kando, na yaliyobaki akamfungia kwenye mfuko.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitoa mfano wa mwenye duka asiyemzidishia bei mteja asiyejua, kiasi kwamba hata mtoto hununua kwake kwa bei ile ile ya watu wazima. Kant hakukubali haraka kumwita mtu huyo mwema. Alisema inawezekana anafanya hivyo kwa kuwa sifa njema huleta wateja, na kitendo cha namna hiyo, japo kinalingana na wajibu, hakikutokana na wajibu. Nimekuwa nikiufikiria mfano huu tangu Julai. Mizani yenye stika inaweza kuwa biashara tu, na foleni iliyokuwa pale inaonyesha kwamba ni biashara nzuri. Habari ya bibi ni ngumu zaidi kuiita biashara, kwa kuwa asingegundua kamwe, ingawa ni kweli kwamba nilikuwa nimesimama pale nikisikia, na sasa ninafanya kile kile ambacho mfanyabiashara mjanja angetarajia. Debe la asubuhi ndilo linalonishinda kabisa. Hupimwa kabla mteja hajafika, na asingelitaja laiti nisingemhoji.

Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyemtangulia Kant kwa zaidi ya miaka 2,000, angeniambia kwamba ninahangaika bure kutafuta nia, kwa kuwa mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki tena na tena, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga, hadi inafika siku anatenda bila kushindana na nafsi yake. Mzee yule hakuonekana kushindana na chochote. Nilipomuuliza moja kwa moja kwa nini anajitia hasara, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. “Alizeti si yangu, kijana wangu. Yangu ni mashine.” Jibu hilo halimfuati Kant wala Aristotle. Linaanzia kwenye neno tulilolijua kabla ya wote wawili kufika vitabuni mwetu, yaani amana, na kwa maoni yangu linafika mbali kuliko walivyofika wao.

Upungufu upo. Foleni ni ndefu kuanzia saa 2 asubuhi, kivuli ni cha mti mmoja, na umeme ukikatika hakuna jenereta, bali mnakaa na kungoja. Kelele za mashine hazimruhusu mtu kuzungumza. Risiti ni karatasi ya daftari yenye namba tatu zilizoandikwa kwa kalamu. Mzee mwenyewe hana uchangamfu, hakaribishi wala hashukuru, na kijana aliyemkatisha kauli alifokewa mbele ya watu. Anayetaka kubembelezwa atafute kwingine. Mimi nitarudi, na ninashauri ufike kabla ya saa 1 ukiwa na madumu yako, safi na makavu.

Nimalizie na hesabu yangu mwenyewe. Aliyepokea fedha alikuwa msaidizi, naye alinitoza shilingi 14,000 badala ya 21,000. Niligundua nikiwa kwenye bajaji, tukiwa hatujafika Kizota, na sikumwambia dereva ageuze. Nilijiambia kwamba magunia yalikuwa mengi, kwamba jua limekuwa kali, kwamba mwaka uliopita nilidhulumiwa mahali pengine na huenda hii ndiyo fidia. Nililala nayo. Kesho yake mchana nilituma shilingi 7,000 kwa simu, kwa namba iliyoandikwa juu ya risiti, pamoja na maelezo marefu ya kwa nini nilichelewa. Lilikuja jibu la neno moja: “Imefika.”