Simu nzuri, apudeti mbovu: kampuni ilivyotuhudumia

Simu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya bei ya kati, kamera safi, na chaji ya asubuhi ilikuwa inanifikisha usiku. Kampuni siitaji jina. Ninachopima hapa ni walivyotuhudumia baada ya apudeti yao, yaani toleo jipya la mfumo wa simu, kuharibu simu.

Ilijishusha usiku, asubuhi nikaikubali. Simu ilipowaka laini zote mbili zikawa zinakata na kurudi. Juu ya kioo panaandikwa simu za dharura pekee, mtandao unarudi kidogo, mara umeyeyuka. Alama ya kidole nayo ikagoma. Nauza vitenge Kariakoo na wateja wa mikoani wanalipa kwa simu: mtu katuma hela, ujumbe wa kuthibitisha hauingii, yeye anafoka, mimi siwezi kufunga mzigo.

Huduma kwa wateja walikuwa na jibu moja tu: futa kila kitu, irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Kijana aliyepokea ana adabu zake, "pole sana dada", ila alikuwa ananisomea karatasi. Nikafuta. Tatizo likabaki palepale, maana lilikuwa kwenye toleo jipya lenyewe, si kwenye picha zangu za vitenge. Hapo ndipo waliponiudhi kuliko hitilafu yenyewe. Hakuna aliyetamka kwamba toleo lina kasoro, na huku wanaendelea kulisambaza: jirani yangu wa duka, mwenye simu kama yangu, lilimfikia baada ya mimi kulalamika.

Kurudi toleo la zamani haikuwezekana. Simu nyingi sasa zimefungwa zisirudi nyuma, kwa sababu za usalama. Fundi mmoja mtaa wa Aggrey akajitolea kuiflashi, yaani kuipakia mfumo upya. Nikakataa. Flashi ikienda vibaya inaweza kuondoka na IMEI, namba inayoitambulisha simu, na tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wazime simu feki Juni 2016, IMEI si kitu cha kuchezea hapa kwetu.

Kuteleza kunampata kila mtu. Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1, apudeti ya mfumo wa iPhone, na iPhone 6 zikapoteza mtandao na alama ya kidole, yaani maradhi yale yale ya kwangu. Waliiondoa ndani ya saa moja hivi, wakaomba radhi, wakaeleza namna ya kurudi iOS 8, na kesho yake 8.0.2 ikawa tayari. Google nao, Januari 2025, walitoa apudeti iliyopunguza uwezo wa betri kwenye baadhi ya simu zao za Pixel 4a. Walitangaza fidia: betri mpya bure, dola 50 taslimu, au dola 100 za kupunguziwa bei ya Pixel nyingine. Betri ya bure ilikuwa kwa nchi chache, sisi hatumo, na dola 50 hazinunui simu. Lakini angalau mwenye simu alijua kilichoipata na nani anabeba gharama.

Wa kwangu walileta marekebisho, nisiwanyime haki yao, na yalitibu kweli: laini zimetulia, kidole kinasoma kwa mguso mmoja. Ila faili ilizidi giga moja, na bando nimenunua mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja, "maboresho ya uthabiti wa mfumo". Wameharibu wao, nimelipia kutengeneza mimi, halafu naambiwa nimeboreshewa! Nilipouliza dukani kwao mjini, dada wa kaunta alisema waliopeleka simu pale waliwekewa kwa intaneti ya duka, bure. Jambo jema sana. Ujumbe mfupi tu wa kutujulisha ungetosha.

Simu naipa nyota nne. Huduma yao kwenye sakata hili naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule dada wa kaunta.