TAHADHARI: Boksi halisi, beringi feki. Muuzaji wa "seti kamili" ya ekseli ya mbele

Wakuu, kama una Land Cruiser 80 au 4x4 nyingine ya zamani yenye ekseli ya kipande kimoja mbele, na unajipanga kuifanyia sevisi mwenyewe nyumbani, soma hapa kabla hujalipia seti yoyote iliyoandikwa "stoku ya zamani, haijaguswa, Japan orijino". Kuna muuzaji mtandaoni anaziuza kwa karibu nusu ya bei ya dukani, na kilichomo ndani ya boksi sicho kilichoandikwa juu yake. Jina lake silitaji kwa kuwa halina faida yoyote kwenu. Akaunti zinabadilika, tangazo ni lilelile neno kwa neno, hata makosa ya herufi hayajarekebishwa.

Tangazo linaahidi kila kitu cha kazi hiyo: beringi nne za hab (kitovu kinachobeba tairi), beringi nne za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia unapokata kona), sili za ndani za ekseli, sili za hab, gasketi, pamoja na ule mpira na sufi ya kufutia kichwa cha mviringo mwishoni mwa ekseli. Mzigo unafika upesi, umefungwa kwa ustadi. Ukifungua juu unakutana na gasketi nzuri na sili ambazo mimi sikuziona kasoro. Walio wengi huishia hapo, wanaridhika, wanaweka seti kabatini wakisubiri wapate nafasi ya kupandisha gari juu ya stendi.

Na hapo ndipo anapotupiga. Anatujua tabia zetu. Mwenye gari la zamani hununua spea mapema, kidogo kidogo, akiviziavizia bei, na kazi yenyewe anaifanya miezi mingi baadaye. Kwa ununuzi wa eBay muda wa kudai pesa yako ni siku 30 tangu mzigo ufike. PayPal wanakupa siku 180 tangu ulipe. Seti ikikaa kabatini ukaja kugundua ubovu siku ya kufunga, dirisha limeshafungwa na jamaa ameshahamia akaunti nyingine. Ndiyo maana anachagua kuuza seti kubwa za sevisi. Kitu kama chujio la oili, ambalo mtu analifunga jioni ileile, hauzi.

Seti yake iliponifikia niliimwaga yote mezani siku hiyohiyo. Cha kwanza kilichonishtua hakikuwa beringi, ni boksi lake. Katika mazungumzo alisisitiza kwamba beringi hizi ni za Koyo, watengenezaji wa beringi wa Japan, zimehifadhiwa ghalani tangu miaka ya 90, gari lilipokuwa bado linatoka kiwandani. Sasa boksi limechapwa jina la JTEKT. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 2006, Koyo Seiko ilipoungana na Toyoda Machine Works. Boksi la miaka ya 90 lenye jina hilo lilichapwa na nabii! Nilipomuuliza alijibu kwa kunitumia picha nyingine ya boksi lilelile.

Kuanzia hapo kila nilichogusa kilisema hivyohivyo. Maandishi kwenye ringi yalitoka kwa kitambaa chenye tina, wakati alama halisi huwa imeingia kwenye chuma na haifutiki kirahisi hivyo. Namba ya ringi ya nje na namba ya sehemu ya ndani yenye rola hazikuwa za jozi moja. Beringi mbili zilikuwa na ringi isiyo na maandishi yoyote. Rola zilikuwa na mikwaruzo ya kusagwa unayoiona kwa macho. Mwisho nikachukua tupa ndogo nikaipitisha pembeni mwa ringi ya nje, mahali ambapo rola hazipiti. Chuma cha beringi kimekomazwa, tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Kwa hii, tupa iling'ata na kutoa unga. Jaribio hilo lifanye tu kwa beringi ambayo tayari umeshaikatia tamaa, maana ukilifanya kwa nzima umeiharibu, na ukitaka kuirudisha unampa muuzaji kisingizio.

Kuna atakayesema beringi ni beringi, akifunga feki atabadilisha tena mwakani. Kwenye ekseli hizi haiko hivyo. Beringi za kingipini ndizo zinazoishika nakali (kipande kinachobeba hab) ikae katikati ya kile kichwa cha mviringo. Zikilegea, shafti inaegemea sili ya ndani upande mmoja, sili inalika, na oili ya difu inaingia mahali pa grisi. Grisi inageuka uji, inachuruzika nje kupitia kwenye sufi, na jointi ya CV (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limegeuzwa) inabaki inazunguka ndani ya kitu kisichoilinda. Beringi ya hab ndiyo mbaya zaidi: ikipata joto na kusambaratika ukiwa kwenye mwendo, tairi inayumba pamoja na diski yake, na pedi zinasukumwa nyuma kiasi kwamba ukikanyaga breki pedali inazama. Hilo si jambo la kubadilisha mwakani.

Kwa aliyekwisha kufunga seti ya namna hii: endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, weka kiganja kwenye hab ya kulia kisha ya kushoto. Moja ikiwa ya moto waziwazi kuliko mwenzake, usiendelee na safari. Kisha nyanyua mbele, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki wakati unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya hab. Ukibaki, angalia kingipini. Usukani unaotetemeka sana kila unapokanyaga shimo nao ni dalili ya kingipini zilizolegea, ingawa hata bushi na ball joint za usukani zinaweza kuleta hali hiyo.

Kwenye malipo ana mtego wa pili. Mazungumzo yanaanza ndani ya mtandao wa mauzo, halafu anaomba umalizie nje "ili tukwepe makato". Atakuomba umlipe kwa PayPal kwa njia ile ya kutumiana marafiki na familia. Njia hiyo haina ulinzi wowote wa mnunuzi. Ukishalipa hivyo, pesa umempa zawadi. Mimi nilikataa, akakubali kulipwa kwa njia ya kawaida bila kubisha, nadhani kwa sababu alitegemea seti itakaa kabatini.

Nilipofungua madai akaja mtego wa tatu, na huu ameutumia kwa wengine walioniandikia. Anajibu kwa upole mno. Anaomba radhi, anasema ghala lilikosea, anakuahidi nusu ya pesa leo na nusu nyingine wiki ijayo, ila kwanza ufunge madai kwa sababu "akaunti imezuiwa hawezi kutuma". Usifunge. PayPal shauri ukilifunga mwenyewe halifunguliwi tena. Mjibu kwa heshima, ndani ya mfumo, kwamba utalifunga pesa zote zikishaingia. Hifadhi boksi, lebo na karatasi za kufungia, piga picha za namba kwa karibu, na ukitakiwa kurudisha mzigo tumia usafirishaji wenye namba ya kufuatilia. Anwani ya kurudishia aliyonipa haikufanana na ile mzigo ulikotoka.

Kabla ya kununua kwa muuzaji usiyemjua, mtake picha ya beringi zenyewe zimetolewa kwenye karatasi, namba zikisomeka, pembeni kuna kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo. Huyu jamaa akiombwa hivyo anakuwa na safari ya ghafla. Tafuta picha za tangazo kwa injini ya kutafuta picha. Zake zinaonekana chini ya majina tofauti. Kwa beringi za SKF kuna programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha na kuwatumia wao wenyewe wakague. Na soma namba za spea. Za Toyota zina tarakimu tano za mwanzo zinazotaja aina ya kitu: mkanda wa taimingi huanza na 13568, chujio la oili 90915.

Nataja hizo mbili makusudi. Jamaa sasa ameongeza mikanda ya taimingi ya 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, na kwenye tangazo la mkanda ameweka namba inayoanzia 90915. Yaani amenakili bila hata kusoma. Ungekuwa mzaha kama si kwamba mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani pistoni zinakutana na valvu. Kwa kitu kama hicho nunua kwa mtu mwenye duka na risiti, hata kama itabidi gari lisubiri mwezi mwingine.

Madai yangu bado yako wazi. Tangazo la beringi limeondolewa, limerudi chini ya akaunti mpya yenye picha zilezile, na safari hii limeandikwa "mbili tu zimebaki".