Nimelipia aplikesheni ya kujua nani kakubloki, ikanitajia mpaka mama yangu mwenye kitochi

Jamani naandika hii kabla hasira hazijapoa. Kuna aplikesheni ipo Play Store, jina silitaji maana zipo kibao na zote zimefanana, ikoni ya rangi rangi na kikufuli katikati, zinakuahidi utajua nani kakubloki WhatsApp, nani kakubloki Insta, nani anachungulia profaili yako usiku. Nimekaa nayo siku tatu. Naombeni mnisikilize kwanza kabla hujabonyeza pale pa kushusha.

Kisa chenyewe, mdogo wangu anaoa, mimi nipo kwenye kamati na kazi niliyopewa ndo ile inayokimbiwa na kila mtu, kukumbushia ahadi. Kama umeshakaa kamati ya harusi hapa Dar unaelewa nachosema, mtu siku ya kwanza anaandika laki moja kwenye grupu, watu wanampigia makofi ya emoji, halafu zikibaki wiki mbili ukumbi ulipwe anakuwa hewa. Sasa kuna shoga yangu, tumetoka mbali, tumesoma wote, aliahidi laki moja ya kadi ya dabo. Nikamkumbusha mara ya kwanza akajibu "usijali wangu". Mara ya pili tiki mbili za bluu, kimya. Kuanzia ya tatu ni tiki moja tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ile picha yake ya gauni la kijani ikageuka kile kikichwa cha kijivu. Stetasi zake sizioni, na huyu ni mtu wa stetasi kuanzia chai ya asubuhi mpaka mistari ya Biblia usiku.

Mwenye akili zake angeelewa hapo hapo. Mimi nikajipa moyo, labda bando limemuishia, labda simu imeingia maji, tena kweli tiki moja peke yake sio ushahidi, mtu akizima data au akiwa kijijini mtandao unasumbua unaona tiki moja hiyo hiyo. Picha nayo mtu anaweza akaificha kwenye setingi. Stetasi hata akifuta namba yako tu huzioni, hajakubloki wala nini. Kila dalili nikawa naitafutia sababu, na ndo hapo nikaangukia kwenye hii aplikesheni.

Kushusha ni bure. Ukifungua inaomba iangalie namba zako zote za simu, nikakubali. Ikaomba faili, nikakubali. Ikaomba nywila ya Insta ili "ichambue kwa kina", hapo nilisita kama dakika moja hivi halafu nikaandika, msinicheke. Kikatokea kiduara kinazunguka, asilimia kumi, arobaini, tisini na saba, kikagoma hapo. Chini maandishi mekundu, watu 11 wamekubloki, fungua uwaone. Kufungua ni siku tatu bure halafu shilingi 12,500 kila wiki, uweke kadi kabisa. Saa tano usiku hiyo, nimejifunika shuka, nimeshika kadi ya benki naandika namba moja moja kwa mwanga wa simu. Nikawaza siku tatu zinanitosha, nitaona jina lake, nitafuta, basi.

Orodha ikafunguka. Wa kwanza, "Mama". Mama yangu yupo Korogwe, anatumia kitochi cha batani, WhatsApp anaisikia tu kwa wajukuu. Eti kanibloki. Wa tatu "Fundi Bomba Tabata". Wa nne "Gesi Mtaani", huyu nilikuwa nimeongea naye jioni ile ile kaniletea mtungi mpaka mlangoni. Wa saba, hapa ndo nilikaa kitandani kabisa nikawasha taa, "Mimi Laini 2". Yaani nimejibloki mwenyewe na sina habari! Na shoga yangu mwenyewe niliyemlipia yote hayo, kuanzia wa kwanza mpaka wa kumi na moja hayumo.

Kesho yake nikamuonyesha mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta chuo. Akaangalia kama dakika mbili akanirudishia simu, "Mama mdogo, hapa umeliwa." Akanielewesha kwamba WhatsApp na Insta hawampi mtu wa nje orodha ya nani kambloki nani, hiyo taarifa haitoki kabisa, kwa hiyo aplikesheni yoyote inayodai inayo inabahatisha tu. Za Insta zinachofanya ni kushika orodha ya wafuasi wako leo na kuilinganisha na ya kesho, anayekosekana inamuita kakubloki, kumbe mwingine kaacha tu kukufuata, mwingine kazima akaunti yake. Hizi za WhatsApp ndo kabisa, zinachukua majina kwenye simu zinapanga. Na WhatsApp wenyewe wanasema wazi kwenye maelezo yao kwamba wamefanya makusudi usiwe na uhakika, ili aliyebloki alindwe. Hapo nikakaa kimya kidogo maana nilikuwa sijawahi kulifikiria kutoka upande wa anayebloki.

Halafu akaniuliza, "Hamna grupu mlilopo wote?" Lipo, la kikoba. Bwana wee, hapo ndo nilipata jibu la bure ambalo 12,500 haikuweza kunipa. Ukiblokiwa WhatsApp, kwenye grupu mlilopo wote bado mnaonana kama kawaida, yeye anaona zako na wewe unaona zake. Nikaandika kule, "wapendwa tusisahau hisa za Alhamisi." Nikasubiri, halafu nikaishikilia ile meseji yangu mpaka ikatokea sehemu ya taarifa, inakuonyesha imesomwa na nani na saa ngapi. Jina lake lipo. Saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Na kwenye grupu hata kama mtu kazima zile tiki za bluu huko kwenye setingi bado utamuona kasoma, hana pa kujificha. Kwa hiyo bando analo, simu nzima, haijaingia maji wala chai. Dakika tano baadaye kaweka na kidole gumba kwenye meseji yangu! Kwangu binafsi bado tiki moja.

Mtoto akataka tuhakikishe zaidi, akafungua grupu jipya akajaribu kumuingiza, likakataa. Hiki kipimo ndo wengi wanakisifia ila mkitumie kwa akili, maana tangu 2019 WhatsApp waliweka setingi ya mtu kuchagua nani anaweza kumuingiza kwenye grupu, kwa hiyo inaweza ikakukatalia kwa sababu hiyo wala sio bloku. Ukikusanya vyote, tiki moja siku nyingi, picha imepotea, simu ya WhatsApp haiingii, grupu linakataa, na kule kwenye kikoba anasoma, sasa mpendwa unataka nini tena, barua?

Kwa kwingine kwa ufupi tu. Insta mtafute ukiwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, akionekana kule na kwako haonekani basi ujue umelambwa bloku. Facebook angalieni, mtu anaweza akakubloki Messenger peke yake na kule Facebook mkabaki marafiki, kwa hiyo usishangae unaona picha zake ila meseji haziendi. X wao walibadilisha 2024, aliyekubloki kama akaunti yake iko wazi posti zake unaziona, ila huwezi kujibu wala kulaiki. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kadi ya benki.

Turudi kwa hawa wezi. Siku ya tatu nikaifuta aplikesheni kwenye simu nikajua nimemaliza. Siku ya nne meseji ya benki, 12,500 imekatwa. Kumbe kufuta aplikesheni sio kufuta malipo, unatakiwa uingie Play Store, ubonyeze picha yako pale juu, uende kwenye malipo na usajili, ndo uikatishe huko. Nimekatisha. Nimeomba na hela irudi siku hiyo hiyo, maana Play Store ukiomba ndani ya saa 48 unakuwa na nafasi nzuri zaidi, nasubiri wanijibu. Na hiyo sio mbaya kuliko zote, usiku wa siku ya pili Insta ilinitumia taarifa kwamba kuna mtu kaingia kwenye akaunti yangu kwa simu nisiyoijua, mji wenyewe siujui uko nchi gani. Nilibadilisha nywila mikono inatetemeka, nikaitoa akaunti kwenye vifaa vyote, nikaweka na ile ya kutumiwa namba ya siri kwanza ndo uingie. Mliowahi kuzipa hizi aplikesheni nywila yenu amkeni sasa hivi mkabadilishe, nyie malizieni kusoma baadaye.

Kitu pekee nitakachoisifia, haina matangazo mengi. Kwa nini iwe nayo wakati tangazo ni mimi.

Kuhusu shoga yangu. Jumamosi dada mweka hazina kanitumia skrinshoti ya muamala, elfu hamsini, jina la kwake. Kapunguza kutoka dabo hadi singo, na amemwambia mweka hazina risiti amtumie yeye, "huyo mwingine nitaonana naye ukumbini." Sawa. Namba yake ya kawaida ninayo na najua nikipiga itaita maana kubloki WhatsApp hakuzuii simu ya kawaida, ila sijapiga.

Maana nimekuja kugundua kitu kingine. Meseji ulizomtumia mtu wakati kakubloki haziendi kokote, hata siku akikufungulia hazimfikii, zinabaki kwako na tiki yake moja. Zangu zipo sita. Ya sita ni voisi noti ya dakika mbili na sekunde nane, niliirekodi saa sita usiku, kuna mahali nimetaja mpaka deni la kitenge la 2019 na nimemtaja na mama mkwe wake. Jana nimeisikiliza tena nikiwa kwenye daladala, na earphone sikioni, nikaanza kutokwa jasho. Kumbe alinibloki siku nne kabla.