Huduma za ofisi ya kijiji chetu: barua unapata fasta, mapato na matumizi ndo kasheshe

Naanza na kile wengi tunachofuata pale ofisini, barua. Ya NIDA, ya kufungua akaunti benki, ya kumdhamini ndugu mahakamani, zote ni kwa mtendaji wa kijiji, na hapo sina malalamiko hata kidogo, ukifika na kikaratasi cha mwenyekiti wa kitongoji chako unaandikiwa, unagongewa muhuri, unaondoka. Huyu mtendaji tuliyenaye saivi anapokea simu hata jumapili, kuna mama kijana wake alishikwa usiku, asubuhi barua ya dhamana ilikuwa tayari. Kwa hilo nyota zote tano na Mungu ambariki.

Shida ni mkutano mkuu wa kijiji, na mi naona hiyo ndo huduma yenyewe, barua ni nyongeza tu. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inasema mkutano mkuu ndo wenye kauli ya mwisho kijijini, yani kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, na wale wajumbe 15 mpaka 25 wa halmashauri ya kijiji tumewachagua sisi na tunaweza kuwatoa. Mkutano unatakiwa uitwe angalau kila miezi mitatu, halmashauri nayo ikae kila mwezi. Kwetu unaitwa kukiwa na mgeni kutoka wilayani au michango ya darasa, mnakaa toka saa nne, mgeni anafika saa nane, anahutubia weee, ikifika ajenda ya mapato na matumizi mnaambiwa jamani muda umekwenda tutasoma kikao kijacho. Kikao kijacho hola.

Na msione hela za kijiji ni ndogo. Kuna ushuru wa gulio, kodi ya vibanda, faini za ng'ombe walioingia shambani kwa mtu, halafu michango yetu wenyewe. Sisemi kuna mtu kala, nasema hatujasomewa, na mtu asiposomewa mchango wa kwanza ule wa pili anautoa kwa kununa au hatoi kabisa, ndo maana darasa limefika kwenye lenta limesimama.

Kwenye ardhi ndo naumia zaidi. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kusimamia ardhi kwa niaba yetu, lakini haiwezi kugawa bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na kila mkutano wa kawaida inatakiwa itoe taarifa ya ardhi imesimamiwaje. Sasa kijiji kimoja jirani, sikitaji, wafugaji wameamka wakakuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, kwenye eneo lao la malisho. Kuuliza wanaonyeshwa muhtasari na majina ya waliohudhuria, kumbe majina yametolewa kwenye karatasi ya siku watu walienda kuchanjisha watoto! Mkutano wenyewe haukuwepo. Hadi leo wanahangaika na nauli za kwenda wilayani, watu wazima, wengine vikongwe. Kwaiyo wewe unayetaka kununua shamba kijijini usiridhike na muhtasari wa kikao cha halmashauri peke yake, omba wa mkutano mkuu, tena uliza watu wawili watatu wa pale kama mkutano huo wanaukumbuka.

Ila baraza la ardhi la kijiji chetu naomba nilisifu. Ni wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3 kwa mujibu wa sheria, kazi yao ni kusuluhisha. Hawakai mezani kusikiliza maneno, wanaenda shambani wanatembea mpaka wote, wanawaita wazee waliopanda ile minyaa, na mara nyingi mnarudi nyumbani mnasalimiana. Nimeona ndugu waliokuwa hawazikani wakipatanishwa pale, sijui mngelipa wakili kiasi gani kwa jambo kama hilo.

Mwenyekiti wa kijiji tulimchagua tarehe 27 Novemba 2024, ngwe yake miaka mitano, hana mshahara na najua ana shamba lake la kulima, namheshimu. Lakini kuita mkutano hakuna gharama, na ule ubao wa matangazo pale nje una tangazo la mbolea limepauka toka zamani, bandikeni hapo mapato na matumizi ya miezi mitatu, karatasi moja tu.

Jumla natoa nyota tatu, zingekuwa mbili baraza la ardhi ndo limeokoa. Mkutano wa robo hii bado haujatangazwa, nimeandika barua ya kuuomba kwa mwenyekiti na nakala kwa mtendaji wa kata, wa kitongoji chetu mnaotaka kusaini pamoja njooni nyumbani kabla ya ijumaa, kalamu ninazo.