Wastani au thamani ya katikati katika matumizi ya maji ya kaya?

Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba tano za mtaa mmoja ambazo mita zake kwa mwezi zinaonyesha uniti 6, 7, 8, 9 na 45, uniti moja ikiwa ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Wastani ni uniti 15, kiasi ambacho hakuna hata nyumba moja inayokikaribia, ilhali thamani ya katikati, yaani namba inayokaa katikati zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, hapa 8, inaeleza vizuri zaidi kaya ya kawaida.

Hata hivyo, anayepanga ukubwa wa tangi la mtaa hana budi kutumia wastani, kwa kuwa ukiuzidisha kwa idadi ya nyumba unapata jumla halisi ya uniti 75, jambo ambalo thamani ya katikati haiwezi kulifanya.

Binafsi ningeanza na thamani ya katikati, kisha ningeikagua ile nyumba ya uniti 45 kabla ya kuiita fujaji: huenda bomba linavuja, au mwenye nyumba anawauzia majirani maji kwa ndoo, na hapo mita moja inabeba matumizi ya kaya nyingi.