Uzoefu wangu: kusaka makasha kwa GPS na watoto kwenye njia ya msituni

Kuwatembeza wanangu porini kulikuwa kazi. Kilometa ya kwanza wanakimbia, ya pili yanaanza "Mama, bado mbali?", ya tatu kitinda mimba yuko mgongoni kwangu. Jumamosi iliyopita tumetembea karibu kilometa 5 kwenye njia inayofuata mto msituni, na mgongo wangu haukubeba mtu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii nilipakua programu ya Geocaching kwenye simu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha kasha mahali, anaweka latitudo na longitudo yake kwenye programu, nawe unalisaka kwa GPS. Ukilipata, unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo na kulirudisha palepale ulipolitoa. Mkubwa wangu, ana miaka 9, aliuliza nani alianzisha. Nikamsimulia kwamba mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuivuruga makusudi GPS inayotumiwa na raia, vipimo vikawa sahihi ghafla, na Mei 3 bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni huko Oregon aone kama wenzake wataifikia. Wakaifikia. Hadithi hiyo ilitumalizia mlima mzima bila mtu kulalamika.

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kwenda ni hili: simu inakufikisha karibu, lakini haikukabidhi kasha mkononi. Uwanjani GPS hukosea mita chache tu. Chini ya miti iliyofungana mawimbi ya setilaiti yanazuiwa na matawi, mshale unaanza kuyumba huku na huku, na kosa linaweza kupita mita 10. Kwenye kasha la kwanza nilizunguka nikiikodolea simu macho, hadi nikaitia mfukoni. Mdogo, miaka 5, alikuwa amechuchumaa kwenye shina la mti mkubwa. "Mama, vijiti hivi vimepangwa." Kweli, vijiti vitano vilikuwa vimelazwa sambamba kati ya mizizi miwili, na vijiti vilivyoanguka vyenyewe havilali hivyo. Akavitoa kimoja kimoja. Ndani kulikuwa na kopo la plastiki la kijani lenye kifuniko cha kubana, na kijitabu ndani ya mfuko, kingo zake zimelainika kwa unyevu. Aliandika jina lake mwenyewe, herufi moja ikitazama nyuma. Sikuirekebisha.

Humo mna vitu vya kubadilishana, na kanuni ni kwamba ukichukua kitu, uache chenye thamani sawa au zaidi. Alitaka filimbi. Alizitoa gololi zake mbili, akazitazama, akaweka ile nzuri. Mimi mzazi siku hiyo nilishiba. Vyakula haviwekwi kabisa, maana wanyama huvinusa na kulivunja kasha.

Sasa ushauri, kwa anayekwenda na watoto. Kila kasha lina alama mbili, moja ya ugumu wa kulipata na nyingine ya ugumu wa ardhi, zote kuanzia 1 hadi 5. Wazazi wengi tutaangalia ya kwanza. Ya pili ndiyo muhimu zaidi. Ardhi ya 1 hata kiti cha magurudumu kinafika, ya 5 inadai vifaa maalumu kama kamba za kupandia au mtumbwi. Sisi tulibaki kwenye 2 kushuka chini. Angalia na ukubwa: yale madogo kabisa hayaingii kitu zaidi ya karatasi ya kusaini, na mtoto aliyekuja na gololi mkononi atalia, kama wangu alivyolia kwenye kasha la tatu.

La nne hatukulipata. Tulipekua mawe nusu saa, kisha nikasoma maoni ya waliotutangulia: watu watatu mfululizo walikuwa wamelikosa. Ningeyasoma nyumbani tungeliruka. Mwenye kasha alipaswa kwenda kulikagua, na hilo lilinikera, kwa sababu mtoto haelewi kwa nini hazina haipo.

Simu inakula chaji haraka GPS ikiwa imewashwa muda wote, kwa hiyo beba betri ya akiba. Beba na mfuko wa taka. Wachezaji wana desturi ya kuokota taka wanapopita, na wanangu walishindana. Na wapita njia wakikaribia, usilifungue kasha mbele yao, lisije likaibwa. Mkubwa alijifanya anafunga kamba za viatu mpaka wakapita, akiwa makini kuliko siku ya mtihani.

Naupa mchezo huu nyota 4 kati ya 5. Yamebaki makasha mawili ng'ambo ya daraja, na filimbi imeshatundikwa kwenye mkoba ikisubiri Jumamosi.