Mfumo wa kujifunzia wa chuo chetu: miaka mitatu ndani, nyota mbili kati ya tano

Nianze na nyota mbili zenyewe, maana zimestahili. Kupakia kazi hakusumbui. Ukishabonyeza kitufe unapata risiti yenye saa na dakika, hivyo ule ubishi wa "karatasi yako sikuiona" umekwisha. Kwenye simu unafunguka vizuri, na hauli bando ovyo.

Sasa shajara. Kila wiki tunaandika aya chache ndani ya mfumo: umejifunza nini, umekwama wapi, unajisikiaje. Wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza niliandika ukweli mtupu, kwamba takwimu zinanipita kando na kwamba nililia usiku mbele ya swali moja. Nilidhani namwandikia mhadhiri wangu. Baadaye nikaona chini ya ukurasa maandishi madogo ya kijivu: "Inaonekana kwa wakufunzi wote wa kozi." Hakuna aliyenifanyia ubaya, niseme kweli. Ila tangu siku hiyo naandika "wiki hii nimejifunza mengi", napewa alama zote, na sijawahi tena kutaja nilipokwama. Shajara iliyowekwa ili nisaidiwe imenifundisha kuficha.

Halafu mfumo unahesabu. Kila faili unalofungua lina saa yake kwenye kumbukumbu. Mimi husoma kwenye karatasi: Jumatatu napakua maelezo yote, nachapisha, nakaa nayo na kalamu. Siku moja mhadhiri akaniita, "Mbona hujaingia siku tisa?" Nikamtolea karatasi zangu, zimejaa mistari na maswali pembeni. Akazipitia moja moja, akaridhika. Jina langu kwenye orodha yake likabaki jekundu vilevile, kwa sababu kalamu haihesabiki. Siku hizi nafungua kurasa nisizozisoma, ili nionekane nipo.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulitaka tuzungushe kamera chumba kizima kabla ya maswali kufunguka. Chumba nalala na mdogo wangu. Yeye alitoka nje, nguo zake zikabaki kitandani, zikarekodiwa. Agosti 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, alitoa uamuzi kwamba chuo kikuu cha umma cha Cleveland State kilikiuka Katiba kilipomtaka mwanafunzi aonyeshe chumba chake namna hiyo. Nilipousoma nilipumua. Kumbe si mimi peke yangu niliyeona haya.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni jukwaa la majadiliano. Mwaka wa kwanza mwenzangu mmoja alinieleza mtawanyiko wa data kwa mfano wa urefu wa watu waliopanga foleni, mstari kwa mstari, usiku wa manane, mimi nikiuliza na yeye akijibu. Pale ndipo takwimu ziliponiingia. Mwaka huu nikaurudia mjadala ule ili nimwonyeshe mwanafunzi mpya. Nikakuta: "Huna ruhusa ya kuona kozi hii." Maneno yangu mwenyewe! Kitengo cha TEHAMA kilinijibu kwamba kozi ikiisha hufungwa kwa wanafunzi. Nikauliza kama naweza kupewa nakala ya nilichoandika mimi tu. Hadi leo kimya. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana sheria iliyoanza kutumika Mei 2018, inayompa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake na kujibiwa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja.

Wewe unayeanza: andika kila kitu kwanza kwenye faili lako, ndipo unakili kwenye mfumo. Mijadala yenye maana ihifadhi siku hiyohiyo, usingoje muhula uishe. Na chuo kikiweka kitufe cha kupakua maandishi yetu, pamoja na shajara asomayo mhadhiri mmoja tu, nitarudi hapa niongeze nyota mbili.